Mlango wa Mama Bura

Mama Bura alipokufa walinipigia simu mimi kabla ya kumpigia padre, na jambo hilo liliwaudhi watu wawili watatu ambao majina yao siyaandiki kwa kuwa bado tunasalimiana. Nilikuwa uani kwangu hapa Nangwa napepeta maharage. Aliyepiga ni Emanueli, mtoto wa dada yake Mama Bura, mtu mzima sasa mwenye kitambi na duka la pembejeo kule Dongobesh. Akasema, "Shikamoo mama. Mama mkubwa ametutoka asubuhi hii." Nikampa pole. Akasema marehemu aliacha neno, kwamba ibada yake asiipange mtu mwingine, niitwe mimi, maana ratiba ninaijua. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeona aibu, akauliza, "Samahani mama, ni ratiba gani hiyo?"

Nikamwambia nakuja. Yapo mambo ukiyaeleza kwa simu yanakula salio na hayaeleweki. Nilifunga vitenge viwili na sweta, nikamwachia jirani kuku wangu, kesho yake nikapandisha Dareda masikio yakiziba kama yanavyoziba siku zote nikipanda ule mlima. Njiani kote nilikuwa natafuta namna ya kusema kwamba ratiba ile tuliipanga watu wawili, katika mwaka ambao hatukuruhusiwa kutoka, na kwamba haikuwa yake hata. Ilikuwa ya mwanawe. Na mimi kwa hesabu ya ukoo si mtu wa Mama Bura tena. Nilikuwa mke wa mwanawe kwa mwaka mmoja na miezi minne, nikawa mjane ndani ya nyumba yake kwa mwaka mmoja mwingine, kisha nikaenda zangu. Nikaolewa huku Hanang, nikazaa, nikazika mume wa pili naye. Katika miaka yote hiyo nilikwenda kumwona mara saba. Naandika saba kwa sababu nimezihesabu zote, hakuna ya nane iliyojificha.

Nyumba niliyoikuta ni ya matofali ya kuchoma na bati jekundu, Emanueli ndiye aliyemjengea. Lakini mlango ulikuwa ule ule. Mbao nne za mwerezi, zimechongwa kwa tezo, hazikulingana hata moja, na bawaba zinazolia kama mbuzi aliyekanyagwa. Bura aliuchonga mlango ule mwenyewe, miezi michache kabla ya kufa, wakati nyumba nyingi za kwetu zilifungwa kwa fito tu. Alijivuna nao mno. Alikuwa anaufungua na kuufunga mbele ya wageni hadi mama yake akamwambia, "Sasa umewaonyesha, waache wapite." Fundi wa nyumba mpya alitaka kuweka mlango wa chuma, Mama Bura akakataa kuhamia mpaka wa mwerezi ukafungwa. Nilipousikia ukilia siku ile ya msiba, miguu yangu ilikataa kuingia. Wanawake waliokuwa ndani wakadhani ni uchungu wa kufiwa. Wakanishika mikono. Haukuwa uchungu, ilikuwa ni kuogopa, mimi mwanamke wa miaka sabini na ushei.

Vijana wa sasa niwaeleze. Zamani kwetu kifo kikiingia nyumbani, kikachukua mume au mtoto, wenye nyumba walifungiwa. Kwa Kiiraqw tunaita metimani. Si kwamba mtu anakuja na kamba. Ni watu wote kwa pamoja wanakaa mbali nawe, na wewe unakaa mbali nao, kwa sababu mauti bado yako mwilini mwako kama moshi kwenye nguo, na ukimgusa mtu au ukinywa kwenye kibuyu chake umempelekea. Huendi kwenye chemchemi ya watu, unachota kule chini maji yakishapita kwa wote. Ng'ombe wako anachungwa peke yake. Moto ukizimika huendi kwa jirani kuomba kaa. Na sisi tulipewa hadi mavuno ya mwaka uliofuata, kisha wazee waseme basi, tunyolewe, tuoge, pombe imwagwe, turudi kwa watu. Tulikuwa Wakristo, ndiyo, tumebatizwa wote wawili. Katekista naye alibatizwa. Bura alikufa kwa kifua mwezi wa masika, makorongo yamejaa, padre hawezi kuvuka, akazikwa siku ile ile nyuma ya zizi, na katekista alisoma sala moja fupi akiwa amesimama nje ya ua, mkono mmoja umeshika kofia isiruke na upepo. Hakuingia. Akaondoka upesi. Tuliporudi ndani, mtu mmoja, sijui ni nani, alituvutia mlango kwa nje kwa wema tu, mvua isiingie. Ukalia. Ndivyo mwaka wangu ulivyoanza.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Chumba kilikuwa kimoja, chini kumechimbwa kidogo kama nyumba za kwetu za zamani, mafiga katikati, kitanda cha fito upande wangu na ngozi upande wake, ndama amefungwa kwenye nguzo, na juu darini mahindi. Ukisimama wima moshi ulikuwa machoni, ukikaa moshi ulikuwa nyweleni. Chakula chetu kilikuwa ugali na mnafu, ugali na maziwa ya mgando, makande siku ya Jumapili. Jumapili tuliijua kwa maharage: kila siku Mama Bura alitia harage moja kwenye kibuyu kidogo, yakifika saba anayamwaga, tunapika makande. Nimewahi kuulizwa na binti yangu kama tulikuwa tunagombana. Mtagombana vipi mkiwa wawili na mwaka mzima mbele yenu? Ukigomba asubuhi utakula na nani mchana? Tulikuwa tunanuna kwa zamu. Yeye akinuna mimi nasonga ugali, mimi nikinuna yeye anasonga. Na alikuwa hodari wa kununa kuliko mimi, anaweza kununa huku anakusuka nywele.

Kilichotuweka hai ni ile ibada. Mama Bura hakukubali kabisa kwamba mwanawe amezikwa. Alisema amefukiwa. Mtu anazikwa kwa watu, kwa nyimbo, kwa padre aliyevaa vizuri. Akawaambia wazee, wao wakiwa ng'ambo ya mtaro uliopita chini ya ua wetu na yeye huku, kwamba siku ya kutoka metimani hatatoka kwa pombe yao peke yake. Siku hiyo hiyo ifanywe ibada ya mazishi ya Bura, pale kaburini, na yeye ndiye atakayesema yuko tayari. Wazee walishauriana wakaona si neno baya. Wakamwambia mavuno yakiisha tutakuita, ukisema tayari tutakuja. Na mimi alikwisha kuniambia, wiki ya kwanza tu, nilipolia kwamba nataka kwetu, "Ibada ya Bura ikiisha, nenda. Sitakushika. Lakini usiniache na mtu aliyefukiwa." Kwa hiyo ibada ndiyo ilikuwa mlango wangu. Nikaipanga kwa nguvu zangu zote.

Tulianza na nyimbo. Mimi nilijua mwanzo wa nyimbo nyingi na mwisho wa wimbo mmoja. Yeye alijua Kilatini cha zamani, au alisema ni Kilatini. Alikuwa anaimba maneno ambayo leo naamini mengine aliyatunga, lakini aliyaimba kwa heshima kubwa mno hata ndama alikuwa ananyamaza. Tukachagua wimbo wa kutokea ndani, wa njiani, wa kaburini. Kisha tukaja kwenye watu. Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho sijaona kwa mtu mwingine. Alichukua kuni, akazivunja vipande vipande, akavipanga sakafuni. Hiki kinene ni padre. Hiki cha mwiba ni katekista. Hawa wembamba ni kwaya. Hawa ni wajomba zake Bura kutoka juu mlimani, wape nafasi, wana miguu mirefu. Yule jirani aliyekuwa amegombana naye kwa ajili ya mpaka akamweka nyuma kabisa, karibu na ndama. Asubuhi tunawapanga, tunabishana nani akae wapi, nani abebe msalaba, nani apewe kusema na asiseme sana. Kisha jua likishuka tunahitaji kupika. Kuni ni kuni. Siku moja akanitazama nikisogeza sufuria akasema, bila kucheka, "Leo anza na yule jirani. Anawaka vizuri." Nilicheka hadi nikaketi chini, naye akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza tangu Bura afe. Kesho yake tukavunja watu wengine.

Mgeni tuliruhusiwa mmoja. Aliyefungiwa anaweza kumtembelea aliyefungiwa mwenzake, mauti yao yanafanana. Juu yetu kidogo kulikuwa na Mzee Gwandu, mkewe alikufa majuma matatu kabla ya Bura. Alikuwa anakuja kwa njia ya nyuma kila baada ya siku chache, na ugoro wake, na maneno yake. Kabla hatujafiwa hakuwahi kukanyaga kwetu. Alisema hiyo ndiyo faida ya msiba, unabadilishiwa majirani. Alitazama vijiti vyetu sakafuni akauliza yeye ni kipi. Mama Bura akamwonyesha. Akakiokota, akakipima, akasema, "Mbona mmeninyima unene?" Akabadilisha na cha padre. Nilimpenda mzee yule kama unavyopenda dirisha. Nyumba ile haikuwa na dirisha.

Mahindi yakapevuka. Tulivuna kipande chetu wawili, watu wakiwa kwenye vipande vyao wanaimba, na sisi tukisikia. Nikaanza kufua kitenge changu cha kuondokea. Kila siku namwuliza Mama Bura, wazee wamesema nini? Yeye ndiye aliyekuwa akienda mtaroni kusikiliza wakiita, mimi nikiwa majini au kwa ng'ombe. Anajibu, bado. Na ibada nayo ikaanza kukua. Katekista hatoshi, lazima padre mwenyewe, na padre amesafiri. Kwaya haitoshi, iitwe na ya kigango cha pili. Pombe ya mtama wa zamani haifai, tungoje mtama mpya. Nyimbo tatu zikawa sita. Watu sakafuni wakajaa hadi mguuni pa kitanda changu, nikawa nakanyaga kwaya nikiamka. Sikushuku. Nilikuwa mpumbavu kidogo, na nilikuwa nimezoea. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa hofu, kwamba nilianza kuzoea. Kulikuwa na siku nilisimama nje nikaona watu wanapita njia kuu, nikarudi ndani mwenyewe kabla hawajaniona, kama panya.

Mzee Gwandu ndiye aliyenifumbua. Siku moja nilikuwa natoka majini na mtungi kichwani, nikamwona ameketi ng'ambo ya mtaro, kichwa kimenyolewa kinang'aa, shuka mpya. Nikafurahi, nikaenda kumsalimia, akainua mkono nisimame. Alikuwa ametoka metimani. Hakuweza tena kunisogelea. Nikampa shikamoo kutoka mbali, akaitikia, macho yake yana huruma, na huruma yake iliniuma kuliko ule mkono. Kisha akasema, "Agripina, nyie mbona mnajipika humo ndani?"

Nikamwambia tunangoja wazee.

"Wazee gani? Wamemwita mama yako mwezi ulipoandama. Wakamwita tena. Anawaambia ibada haijawa tayari." Akatema ugoro pembeni. "Wao wanasema huyu mama anataka kuzika mfalme."

Mwezi ulikuwa umeshakuwa mkubwa, unakaribia kujaa. Niliutua mtungi chini, kisha nikaubeba tena kwa sababu sikujua la kufanya bila mtungi. Nilipoingia ndani alikuwa amepiga magoti anapanga watu. Alikuwa anaimba kile Kilatini. Nilitua maji. Nikaokota vijiti vyote, padre, katekista, wajomba, kwaya zote mbili, nikavikusanya kwa mikono miwili, nikavitia kwenye mafiga kwa mpigo. Moto ukaruka. Ilikuwa mchana, hatukuwa na cha kupika.

Nikasema, "Ibada imekwisha, mama. Watu wote wameondoka."

Hakuniuliza nimesikia wapi. Alikaa kwenye kigoda chake akatazama moto muda mrefu, nami nilisimama moshi ukiniingia machoni, sikutaka kukaa, niliona nikikaa tu ndiyo basi. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya mama mkwe, "Ukitoka hutarudi."

"Nitarudi."

"Wote wanasema hivyo. Bura naye alisema anakwenda kulala kidogo." Akafuta mikono yake kwenye nguo ingawa haikuwa na kitu. "Huyu nimempangia mimi. Mimi atanipangia nani?"

Nikasema, mimi. Nitakuja nikupangie. Niliposema vile aliinua uso akanitazama kama mtu anayenunua ng'ombe, anatazama meno, anatazama kwato. Akasema, basi sikiliza. Nyimbo ni zile tatu za kwanza, usiniongezee. Yule jirani akae nyuma. Na mlango. "Siku ile Bura alipotoka, walitufungia mlango tukiwa ndani. Nimeusikia mwaka mzima. Mimi nikitoka, usifungwe. Uache wazi hadi nirudi kaburini kwangu hapa nyuma. Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Sema." Nikasema, mlango hautafungwa.

Sasa niseme ukweli, kwa umri huu nikimdanganya msomaji nitapata faida gani. Niliahidi kwa sababu nilitaka kutoka. Angeniambia nimwahidi mwezi ule mbinguni ningemwahidi. Haukuwa uongo kamili, lakini haukuwa na uzito wowote, ulikuwa ufunguo tu, na ufunguo ukishafungulia unautupa popote. Nimeishi na jambo hilo. Mume wangu wa pili, Mungu amrehemu, alikuwa hapendi kusikia habari za kule, na mimi nilijificha nyuma ya kutopenda kwake. Nikisema siendi kumwona Mama Bura kwa sababu ya mume, ilikuwa nusu ya ukweli.

Kesho yake asubuhi alikwenda mtaroni akawaita wazee mwenyewe. Siku nne baadaye tulinyolewa, tukaoga, pombe ikamwagwa, wazee wakatubariki. Padre hakuja. Katekista alikuja, yule wa mwiba, na safari hii aliingia uani. Akafungua kitabu chake, akafuata kitabu chake. Hakuna wimbo wetu hata mmoja ulioimbwa. Wajomba wa mlimani walikuja wawili. Yule jirani wa mpaka alifika wa kwanza akakaa mbele kabisa, akalia kuliko watu wote, na Mama Bura akaniegemea begani akanong'ona, "Tulimchoma mara ngapi yule?" Ibada ya mwaka mzima iliisha kabla ya ugali kuiva. Siku ya tatu kaka yangu alikuja kunichukua. Mama Bura alisimama mlangoni. Mimi nilitangulia mbele na mzigo wangu, sikugeuka, nilijua akisimama pale pamoja na ule mlango wazi nyuma yake, nikigeuka tu nitarudi kuketi.

Kwa hiyo hayo ndiyo niliyoyabeba kupandisha Dareda. Kamati ilikaa sebuleni kwake, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, chai ya rangi na maandazi, Emanueli na daftari, mama mmoja wa kwaya, kijana wa spika aliyekuwa akitazama simu, na wengine ndugu ambao hawakunijua na hawakuficha. Mmoja akauliza waziwazi, "Huyu mama ni nani kwa marehemu?" Emanueli akataka kujibu akakosa neno. Nikasema nilifungiwa naye. Wazee wawili waliokuwa kona walitikisa kichwa kwa kuelewa, wale waliobaki wakadhani tulifungwa jela, na hadi leo kule Dongobesh wapo wanaoamini hivyo. Niliwapa nyimbo tatu. Mama wa kwaya alisema mmoja hauimbwi tena, nikamwimbia, akasema ataujaribu. Kilatini sikukiweza. Habari ya jirani haikuwa na kazi, alikwisha kufa zamani, lakini nilimwomba Emanueli amweke mjukuu wa yule jirani nyuma kidogo. Akaandika. Ni mtu mwema, aliandika kila kitu bila kuuliza.

Tulipofika kwenye mlango ndipo tulipokwama. Mwili ungetoka nyumbani uende kanisani, ng'ambo ya bonde, ibada ifanyike kule, kisha urudi kuzikwa nyuma ya zizi karibu na Bura. Watu wote wangekwenda. Emanueli akatoa kufuli jipya mfukoni, kubwa, bado lina karatasi. Nikamwambia mlango haufungwi.

"Mama, siku hizi wezi wanasoma ratiba za mazishi kuliko waumini. Tulizika kwa shemeji, tuliporudi hata sufuria la pilau halipo."

Nikamwambia haufungwi.

"Basi tuufungie bila kufuli."

Nikamwambia usivutwe hata kidogo. Niliona wanatazamana. Yule aliyeuliza mimi ni nani akasema huyu mama amechoka na safari. Emanueli akaniuliza taratibu, sasa nani abaki, maana hakuna mtu atakayekubali kukosa ibada ya Mama Bura, hata wapishi wamepangiwa zamu. Nilijua jibu tangu nilipoliona lile kufuli. Nililingoja jibu hilo liondoke, halikuondoka. Miaka hamsini na zaidi nimekwepa kukaa peke yangu ndani ya mlango ule.

Jumamosi walimtoa asubuhi. Wimbo wa kutokea ndani ulikwenda vizuri. Nilitembea nyuma ya jeneza hadi kizingitini, watu wakapita, viatu vingi, vumbi, kisha ua ukawa mweupe. Nikavuta kigoda nikakaa pale pale kwenye mlango, nusu ndani, nusu nje. Upepo ulikuwa unatoka upande wa kanisa. Kijana wa spika alikuwa amefanya kazi yake, nilisikia karibu kila kitu: kengele, padre, padre kweli kweli, watu wakiitikia. Nikawa naimba nao. Wimbo wa pili waliuimba wa tatu, na wa tatu wakauimba wa pili. Mara mbili upepo uliusukuma mlango ukalia, nikauzuia kwa mguu. Sikuogopa kwa namna ile ya siku ya kwanza. Lakini nisiseme nilikuwa na amani, nilikuwa natazama njia kila dakika ni lini watarudi, na nikafahamu kwamba Mama Bura alikaa hivi, akitazama njia hii hii, na katika miaka yote hiyo nilitokea mara saba.

Walirudi jua likiwa kichwani. Jeneza lilikuja mbele, nami nikasimama pale aliposimama yeye nilipokuwa ninaondoka. Lilipita likanipita, likazunguka nyumba kuelekea zizini. Emanueli akatoka kwenye mstari, jasho limemlowesha shati, akanishika mkono. "Pole mama," akasema. "Ibada yote uliipanga wewe, na ndiyo umeikosa."

"Sikuikosa, baba," nikamwambia. "Niliihudhuria mwaka mzima."

Kisha nikalifuata jeneza kaburini, na mlango nikauacha hivyo hivyo.